Mtoto Anaweza Kusema "Usiguse" na Bado Akagusa

Mwaka 2001 madaktari wa watoto wa Atlanta, katika jimbo la Georgia, walichapisha jaribio ambalo kila mzazi anayelea watoto Marekani anafaa kulijua. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliingizwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye kioo kinachomruhusu mtu wa nje kuona ndani bila yeye kuonekana. Kwenye droo mlikuwa na bastola mbili za maji na moja ya kweli, isiyo na risasi. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliikuta ile ya kweli. Katika 16 kati ya hayo kuna mtoto aliyeishika, na katika 10 triga, yaani kifyatulio, ilivutwa. Karibu nusu ya watoto walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika.

Kuna takwimu nyingine ndani ya utafiti ule inayouma kuliko hizo. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya wavulana walioishika bastola au kuvuta triga walisema walishafundishwa usalama wa silaha kwa namna moja au nyingine. Walishaambiwa na wazazi au na walimu wasiguse. Wakagusa.

Mjadala wa Marekani kuhusu watoto na bunduki unakwama hapo hapo miaka nenda rudi. Wapo wanaosema mfundishe mtoto, kwa sababu ipo siku ataikuta bunduki mahali ambapo kufuli lako halifiki. Wapo wanaosema fungia bunduki, kwa sababu mtoto wa miaka 5 si mtu wa kumbebesha dhamana ya uhai. Wote wana haki, ila wote wanatumia neno "kufundisha" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna kumfundisha mtoto mdomo, aweze kujibu akiulizwa. Na kuna kumfundisha mwili, miguu yake iondoke kabla akili haijamaliza kushangaa. La kwanza ni rahisi na ndilo linalofanyika karibu kila mahali. La pili linachosha, linataka siku kadhaa za mazoezi, na ndilo pekee lenye ushahidi wa kuaminika kwa watoto wadogo.

Jambo hili linawahusu Waswahili kuliko tunavyopenda kukiri. Familia zilizotoka Kivu zikapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma hadi Texas au Kentucky, na zile za Wakenya na Watanzania walioko Minnesota na Georgia, zinalea watoto katika nchi ambayo, kwa makadirio ya watafiti ya mwaka 2021, watoto wapatao milioni 4.6 waliishi nyumba yenye bunduki iliyojazwa risasi na haijafungiwa. Tangu 2020, majeraha ya bunduki ndiyo yanayoongoza kuua watu wa miaka 1 hadi 19 nchini humo, mbele ya ajali za magari. Mzazi aliyekulia Kigoma au Bukavu anaijua bunduki, tena wengine wanaijua vibaya sana. Lakini bunduki anayoijua yeye ina mtu nyuma yake: askari, mgambo, mwasi. Somo alilorithi ni kumwogopa aliyeishika. Hana somo la bastola iliyolala peke yake kwenye droo ya kitanda cha rafiki wa mwanawe, saa tisa alasiri, watoto wakitafuta chaja ya simu.

Na ndivyo inavyotokea hasa. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kilichambua vifo 1,262 vya watoto waliouawa na risasi kwa bahati mbaya kati ya 2003 na 2021. Asilimia 85 vilitokea nyumbani, iwe kwao au kwa watu. Katika vifo vipatavyo viwili kati ya vitatu, mtu alikuwa anaichezea bunduki au anamwonesha mwenzake. Pale ambapo ilijulikana bunduki ilikuwa imewekwaje, takriban robo tatu zilikuwa na risasi ndani na takriban robo tatu hazikufungiwa. Mahali palipotajwa mara kwa mara ni meza ya kando ya kitanda, chini ya mto, chini ya godoro: pale pale ambapo mtu mwenye hofu ya wezi huweka silaha yake.

Maneno manne maarufu yalianza mwaka 1988, pale chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kupitia Marion Hammer wa Florida, kilipoanzisha programu ya watoto inayoongozwa na katuni ya tai aitwaye Eddie Eagle. Kwa Kiswahili yanatoka vizuri tu: Simama. Usiguse. Kimbia. Mwambie mtu mzima. Hayana kosa. Ni mafupi, hayamtishi mtoto, na hayamwombi aamue kama bunduki ni ya kweli au ya plastiki, uamuzi ambao hata polisi huwashinda. Kasoro iko kwenye njia: kijitabu cha kupaka rangi, video, wimbo, maswali na majibu.

Mwaka 2004 timu ya mwanasaikolojia Raymond Miltenberger, wakati huo akiwa North Dakota State University mjini Fargo, iliupima mtindo huo kwa watoto wa miaka 4 na 5, ikiulinganisha na mafunzo ya vitendo. Kipimo kilikuwa cha alama 0 hadi 3. Mtoto aliyegusa alipata 0. Asiyegusa lakini akabaki pale, 1. Asiyegusa akaondoka, 2. Asiyegusa, akaondoka, akamwambia mtu mzima, 3. Watoto waliopitia kijitabu na video waliyakariri maneno vizuri kabisa. Walipoambiwa waigize, waliofundishwa kwa vitendo waliwapita. Walipoachwa peke yao na bastola iliyoharibiwa makusudi isifyatuke, bila kujua wanatazamwa, makundi yote mawili yalifanya vibaya. Kilichobadilisha mambo, katika tafiti zilizofuatana za timu hiyo, ni hatua moja iliyoongezwa: mtoto akishindwa jaribio la kushtukiza, mkufunzi anaingia hapo hapo na kumfanyisha mazoezi mahali alipokosea.

Haki itendeke pia kwa upande wa video. Mwaka 2023 watafiti wa Ohio State University waliwaonesha watoto 226 wa miaka 8 hadi 12 video ya dakika moja tu, nusu yao ya usalama wa bunduki na nusu ya usalama barabarani, kisha baada ya wiki wakawaacha wawili wawili katika chumba chenye bastola mbili zisizofyatuka kabatini. Walioona video ya barabarani walizigusa kwa asilimia 67 hivi; walioona ya bunduki, asilimia 39. Waliokwenda kumwambia mtu mzima walipanda kutoka asilimia 11 hivi hadi 34. Dakika moja kufanya kazi hiyo si haba. Lakini isome tena upande wa pili: watoto wanne katika kila kumi waligusa, na wawili katika kila watatu hawakumwambia mtu. Mzazi anayemwonesha mtoto video akaona kazi imekwisha anabahatisha.

Mafunzo ya vitendo nyumbani yanahitaji kifaa kimoja: bastola ya mafunzo ya plastiki ngumu, iliyomiminwa kipande kimoja, isiyo na sehemu yoyote inayosogea. Usitumie ya kweli hata kama umeitoa risasi. Ajali nyingi zimebebwa na mtu mzima aliyeapa kwamba haina kitu. Bastola ya maji yenye rangi ya waridi haifai pia, kwa sababu mtoto anajifunza sheria ya mdoli. Kifaa hicho kisitoke nje ya nyumba kamwe, kisichezewe, kisiachwe dirishani. Novemba 2014 mjini Cleveland, Tamir Rice, mvulana mweusi wa miaka 12, alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya kuchezea bustanini. Kifaa cha mafunzo ni cha mzazi. Kinafungiwa kama dawa.

Siku ya kwanza tenga dakika 10, si zaidi. Kwanza fanya wewe, mtoto akitazama. Ingia chumbani, "ione" bastola kwenye kiti, sema kwa sauti "simama", peleka mikono nyuma ya mgongo, geuka, toka, nenda jikoni ukaseme: "Nimeona bunduki kwenye kiti cha chumbani." Mikono nyuma ya mgongo haimo katika yale maneno manne, lakini kwa mtoto wa miaka 4 ina faida yake: "usiguse" haimwambii mikono iende wapi, na mkono wa mtoto usio na kazi hujitafutia kazi. Kisha afanye yeye. Msahihishe papo hapo, arudie, mpaka afanye mara tano mfululizo bila kukumbushwa. Halafu hamisha: kwenye kochi, ndani ya droo iliyoachwa wazi, kwenye mkoba wa mgeni, kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mtoto mdogo hahamishi somo mwenyewe. Aliyejifunza sheria ya kwenye kochi hana sheria ya kwenye mkoba.

Makosa yatakayojitokeza yanafanana nyumba hadi nyumba. Mtoto anainama karibu kuangalia vizuri. Mtoto anaifunga droo, akidhani amefanya wema, kumbe mkono umeshafika. Mtoto anamwacha mdogo wake mle ndani. Mfundishe amshike mkono watoke wote. Kosa la hatari kuliko yote hufanywa na mtoto mtiifu: anaiokota na kukuletea. Watoto wetu wamezoea kutumwa. "Niletee kile", "peleka hiki kwa shangazi", na kitu kilichookotwa kinaletwa kwa mkubwa. Kwa hiyo iseme wazi na uifanyie zoezi lake peke yake: hiki ndicho kitu ambacho mtu haleti. Unaleta habari tu.

Na sifa ziwe za kitendo. "Umetoka bila kugusa, halafu umeniambia iko wapi" inamfundisha mtoto kitu. "Hongera mwanangu" inamfurahisha tu.

Baada ya siku tatu nne njoo na jaribio la kushtukiza. Weka kifaa mahali atakapokiona mwenyewe, mtume kitu cha kawaida, kwa mfano taulo, nawe kaa usipoonekana. Simu iliyoegeshwa rafuni inatosha kukuonesha kinachoendelea. Akipita, msifu. Akigusa, ingia hapo hapo. Usifoke wala usipige, kwa sababu ukipiga, atakachokumbuka kesho ni kuficha. Mwambie tu, "Hapa ndipo tunaposimama," kisha arudie zoezi mara tano mahali pale pale. Rudia jaribio baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, kila mara mahali papya. Usilifanye kila siku. Mtoto akizoea kwamba kila bunduki iliyolala ni mtihani wa mama, anaanza kuicheza kama mchezo. Na jaribio likiisha kifaa kinarudi kufungiwa, mtoto akiona.

Hatua ya nne, ya kumwambia mtu mzima, ndiyo inayowashinda watoto wengi zaidi, na kwetu ina kikwazo ambacho watafiti wa Fargo hawakukipima. Mtoto wa Kiswahili anakuzwa asichongee. Akija kusema fulani kafanya hivi, tunamkata: "Acha umbea." Akisema ameona kitu chumbani kwa mjomba, swali letu la kwanza ni, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini huko?" Swali hilo moja linabomoa mazoezi ya mwezi mzima. Mtoto anajifunza kwamba kusema kuna adhabu na kunyamaza hakuna. Kwa hiyo kabla ya mazoezi mzazi ana ahadi ya kutoa, na aitimize: mtoto akija na habari ya bunduki, haulizwi alifikaje pale. Hata kama alikatazwa kuingia chumba kile. Hata kama alikuwa na kosa jingine la siku ile. Jibu ni "asante kwa kuniambia", na mtu mzima anakwenda kuangalia. Suala la kuingia vyumba vya watu lina siku yake.

"Mtu mzima" naye atajwe kwa jina. Kwa mtoto wa miaka 5, kaka yake wa miaka 12 ni mtu mzima, na katika nyumba zetu ndiye anayeachiwa wadogo mpaka wazazi warudi kutoka kazini. Taja: mama, baba, bibi, mwalimu. Akiwa kwa watu na hamwoni mkubwa yeyote, anatoka nje na kupiga simu. Namba ya mzazi mmoja, tarakimu zote 10, iwe kichwani. Maneno manne ayajue kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu watoto hawa husali na kuombea chakula kwa Kiswahili lakini hucheza kwa Kiingereza, na bunduki itakutwa katikati ya mchezo.

Umri una mipaka yake. Chini ya miaka 4 hakuna cha kufundisha, kuna kufungia tu. Hapa wazazi wengi hujifariji kwamba triga ni nzito kwa kidole cha mtoto. Utafiti wa mwaka 1995 uliopima nguvu za vidole ulionyesha kuwa robo ya watoto wa miaka 3 na 4, asilimia 70 ya wale wa miaka 5 na 6, na asilimia 90 ya wale wa miaka 7 na 8 wana nguvu ya kufyatua bastola nyingi zilizoko sokoni. Bastola nyingi za kisasa za nusu-otomatiki huachia kwa kilo 2.5 hivi, na baadhi ya zinazouzwa sana hazina kitufe cha kuizuia kwa kidole gumba. Mtoto mdogo haishiki kama mtu mzima: anaigeuza, anashika kitako kwa mikono miwili na kusukuma triga kwa vidole gumba. Mtutu unakuwa umeelekea kifuani au usoni kwake. Desemba 2014, katika duka moja mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa kwenye kigari cha ununuzi alifikia bastola ndani ya mkoba wa mama yake, na mama akafa pale pale.

Kati ya miaka 8 na 12 shida si nguvu wala kuelewa. Ni rafiki. Mtoto anaijua sheria lakini mwenzake kasema "njoo nikuoneshe". Mpe sentensi ya kutokea isiyomfanya aonekane mwoga: "Mama kanipigia, lazima niende." Mruhusu akusingizie wewe. Kubalianeni neno moja la kutuma kwa simu, lisilo na maana kwa mwingine, likimaanisha njoo unichukue sasa na usiulize. Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea hofu kubwa inageuka: ajali inapungua uzito, kujiua kunaongezeka, na hakuna zoezi la "usiguse" linalozuia hilo. Nyumba yenye kijana aliyekata tamaa isiwe na bunduki kabisa. Ihamishwe hata kwa muda.

Sasa kufuli, ambalo linatangulia mazoezi yote haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha nyumba ambako mtoto au kijana alijipiga risasi, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia, na nyumba nyingine zenye bunduki. Mambo manne, kila moja kwa nafasi yake, yalionekana kupunguza hatari: bunduki kufungiwa, bunduki kukaa bila risasi, risasi kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Hayo manne yanaweza kufanywa jioni moja.

Kuondoa risasi kunakosewa kwa mpangilio. Mtutu ukielekea mahali salama, kidole nje ya triga, kwanza unatoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako, ndipo unavuta slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, kisha unakizuia wazi, unatazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Anayevuta slaidi kwanza halafu akatoa magazini amejidanganya: slaidi ilipotoa risasi moja ilipakia nyingine kutoka kwenye magazini, na sasa kuna risasi chemba na magazini mkononi. Bastola nyingi hufyatuka hivyo hivyo, bila magazini. "Nimeitoa risasi zote" mara nyingi humaanisha "nimetoa magazini".

Kufuli la kebo ndilo la bei ndogo, na vituo vingi vya polisi Marekani hulitoa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe, ulioanza mwaka 1999. Kebo inapita kwenye tundu la kutolea maganda na kutokea chini panapoingia magazini, hivyo slaidi haiwezi kufunga. Ukiweza kuifunga kebo bila kuifungua slaidi, umeifunga vibaya. Kufuli la kubana triga lisiwekwe kwenye bunduki yenye risasi. Likisukumwa linaweza kugusa triga. Kebo hukatwa na koleo la chuma, kwa hiyo ni kinga ya mtoto mdogo, si ya kijana wala ya mwizi.

Kwa anayesisitiza silaha iwe karibu usiku, jibu ni sanduku dogo la chuma lenye vitufe, lililofungwa kwa boliti au kebo kwenye fremu ya kitanda. Lisipofungwa, linabebwa lote. La alama ya kidole linataka uangalifu wa pekee. Oktoba 2023 masanduku yapatayo 61,000 ya kampuni moja yaliondolewa sokoni baada ya mvulana wa miaka 12 kufa: kabla ya kusajili kidole cha mwenye nalo kwa ukamilifu, yalifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na wapo walioamini wameshasajili. Ukinunua, jaribu kwa vidole vya watu watatu tofauti kabla ya kuweka kitu ndani. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Hiyo ndiyo ya kwanza atakayojaribu. Ufunguo wa akiba usikae kwenye droo ya jikoni pamoja na funguo nyingine.

Juu ya kabati si kufuli. Januari 2023, Newport News, Virginia, mvulana wa miaka 6 alimpiga risasi mwalimu wake darasani. Alieleza kwamba alipanda kwenye droo ili kufikia mkoba wa mama yake juu ya kabati. Wala kuficha si kufuli. Uchunguzi uliofanywa Alabama, ukachapishwa 2006, uliwauliza wazazi peke yao na watoto wao peke yao: kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki ilipo, karibu wanne katika kila kumi walipingwa na watoto wao wenyewe. Mtoto anajua ulipoficha biskuti za Idi. Anajua na hili.

Sheria zinatofautiana mno jimbo kwa jimbo, na mzazi aulizie ya kwake. Florida ilitangulia mwaka 1989 kumwajibisha mtu mzima anayeiacha bunduki mtoto akaifikia. Texas inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 17. Michigan iliwasha sheria yake ya kufungia silaha Februari 2024, na mwaka huo huo mahakama ya huko iliwahukumu wazazi wawili miaka 10 hadi 15 gerezani kwa mauaji yaliyofanywa na mtoto wao wa miaka 15 shuleni. Tennessee imeagiza shule za umma zifundishe usalama wa bunduki kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, bila silaha halisi darasani. Arkansas na Utah zimefuata njia hiyo. Ni hatua njema, ila somo la darasani linakaribia sana mtindo wa kijitabu, na mzazi asilihesabu kuwa zoezi.

Linabaki lile ambalo Mswahili analiona gumu kuliko kufunga kebo: kumuuliza mwenye nyumba. Kwetu mgeni hakagui. Unapokelewa, unakaribishwa, unakula. Kuuliza "mna bunduki?" kunasikika kama kumwita mtu jambazi. Dawa ni kuliuliza mapema, kwa ujumbe, likiwa limekaa kati ya maswali mengine ya kawaida ya watoto, na kuanza na hali ya nyumba yako: "Mama Neema, habari za leo. Watoto watafika saa nane. Juma ana mzio wa karanga, na huyu mdogo anaogopa mbwa. Sisi kwetu hatuna silaha. Nawauliza wote wanaokaa na wanangu: kama nyumbani kuna silaha, naomba iwe imefungiwa siku hiyo." Swali halisemi "unayo?", linasema "imefungiwa?", na "nawauliza wote" inamwondolea mwenzako kuhisi amechaguliwa. Kwa jirani Mmarekani ni rahisi zaidi. Wengi wamezoea kuulizwa, na madaktari wa watoto wamekuwa wakiwahimiza wazazi waulize. Ugumu uko kwa ndugu, kwa shemeji aliyenunua bastola ya zamu za usiku za teksi na kuiacha ndani ya gari linalobeba watoto kwenda kanisani au madrasa. Kwake swali liulizwe na mtu anayemheshimu, uso kwa uso, bila hadhira, na ukienda mpelekee kufuli la kebo mkononi.

Akikujibu vizuri, mshukuru. Akijibu kwa hasira au kwa mzaha, usibishane naye na usimweleze takwimu. Mwambie watoto waje kucheza kwako Jumamosi, uwapikie maandazi.